Kivuli cha Saa Sita: Picha za Wapenzi na Jua la Likoni

Kuna picha moja ambayo kila mpiga picha chipukizi hapa Mombasa anaitamani. Wapenzi wawili wamesimama ufuoni, vipaji vya nyuso vimegusana, na nyuma yao jua jekundu linazama baharini. Picha nzuri, sikatai. Shida ni kwamba hapa kwetu haipo. Fuo zetu zinatazama mashariki. Jua letu linatoka baharini asubuhi, na jioni linazama nyuma ya minazi, upande wa Kwale, wakati mchanga wa Shelly Beach ushaingia kivulini kitambo. Anayeitaka picha ile kwa dhati itabidi ahamie California.

Mafunzo mengi ya picha tunayoyapata kwenye simu yalitungwa chini ya jua la watu wengine, na sisi tunayameza bila kutafuna. Kubwa kuliko yote ni hili: usimpige mtu picha saa sita mchana. Subiri jioni, ile saa wanayoiita ya dhahabu. Mimi najifunza kupiga picha za wapenzi hapa Bofu, na kila wiki naona kwamba amri hiyo haihusu mwanga peke yake. Inaamua pia nani atapigwa picha na nani atakosa.

Tuliangalie jua lenyewe kwanza. Mombasa iko kama digrii 4 kusini mwa ikweta. Mara mbili kwa mwaka, karibu na tarehe 10 Machi na tena karibu na tarehe 3 Oktoba, jua la adhuhuri linakuja juu ya utosi kabisa, na mtu akisimama anakanyaga kivuli chake mwenyewe. Hata mwezi Juni, linapoinama zaidi, jua la adhuhuri haliwi chini ya digrii 62. Sasa nenda London mwezi Desemba: adhuhuri jua liko digrii 15 tu juu ya upeo. Hapa Bofu jua likifika chini hivyo, imebaki kama saa moja lizame. Yaani kuna miezi ambayo mwenzetu wa kule anapiga picha mchana kwa jua ambalo sisi tunalipata jioni tu.

Na jioni yetu haina subira. Jua linashuka karibu wima. Kutoka digrii 6 mpaka kuzama ni kama dakika 25. London mwezi Juni safari hiyo hiyo inachukua karibu mara mbili. Ukimwambia mteja asubiri jioni, umempa dakika 25. Wingu moja likipita, kwisha habari.

Halafu jiulize ni nani anayeweza kuzisubiri dakika hizo. Msichana wa hapa mtaani, amechumbiwa, wazazi wa pande zote wanajua, alikuja na mchumba wake na mdogo wake wa kike wa kumsindikiza. Nilipotaja jioni alicheka. "Kaka, magharibi inikute nyumbani." Ile saa ya dhahabu ya YouTube, kwa ratiba yake yeye, ni saa ya kuanza kurudi. Kijana anayefanya shifti upande wa pili wa kivuko naye jioni yuko kwenye foleni ya feri. Harusi ya kanisani ikitoka saa saba mchana, watu wanataka picha na pilau, kwa mpangilio huo. Wote hawa wana mwanga mmoja tu, na ndio huo tunaoambiwa haufai. Kwa hiyo ukiwaambia wasubiri jioni, umewaambia kwamba picha nzuri si ya kwao.

Ugumu wa jua la saa sita ni wa kweli, lakini. Linapiga kutoka juu, kwa hiyo macho yanageuka mashimo, pua inatupa weusi juu ya mdomo, na watu wanakunja nyuso kama wanadaiwa. Zaidi ya hapo kuna mavazi yetu. Muweke bwana aliyevaa kanzu nyeupe kando ya bibi aliyevaa buibui jeusi, juani, katika fremu moja. Kamera haiwezi kubeba vyote viwili. Ukipima mwanga wa kanzu, buibui linakuwa doa jeusi lisilo na mikunjo, na ngozi zinazama nalo. Ukipima buibui, kanzu inaungua, inabaki weupe mtupu. Kanuni ya zamani ya filamu inasema: juani, weka kitundu cha lenzi kwenye f/16, na kasi ya shata iwe sawa na nguvu ya filamu, yaani 1/100 kwa ISO 100. Ni mwanzo mzuri, lakini haikwambii umpime nani. Fundi anayenielekeza ana jibu fupi: pima uso, nguo zitajipanga. Si sentensi ya kiufundi tu hiyo. Wengi mitandaoni wanapiga ovyo kisha wanatupia preseti inayoing'arisha ngozi mpaka watu wa Likoni wanatoka rangi ya chungwa. Pale mpiga picha ameshaamua kwamba uso wa mteja ndio kosa la kurekebishwa.

Hapa Kiswahili chenyewe kinanisaidia. Sisi tuna neno moja, kivuli, kwa ule weusi ambao mwili unautupa chini na kwa pale mahali pa kukimbilia jua likizidi. Kiingereza kimeyatenga maneno hayo mawili. Mwalimu wa mtandaoni anasema pambana na kivuli. Bibi yako anasema njoo kivulini. Kwa picha za mchana, bibi yako ndiye mwalimu. Wasimamishe wapenzi kwenye ukingo wa kivuli, chini ya baraza, chini ya kipaa cha makuti, kando ya ukuta mrefu, nyuso zao zikitazama nje kwenye mwanga. Paa linazuia jua la utosini. Anga na ardhi nyeupe mbele yao vinarudisha mwanga laini usoni. Macho yanafunguka. Mchanga wetu mweupe ni ubao wa kurudisha mwanga ambao hakuna aliyeununua. Mwembe nao mzuri, ila jihadhari na majani machache: yanapitisha vipande vya jua, na mtu anatoka na madoa kama chui.

Ajabu ni kwamba somo hili lilikuwa hapa hapa Likoni kabla wengi wetu hatujazaliwa. Miaka ya 1990 wapiga picha walijenga vibanda karibu na kivuko cha feri na kuvigeuza studio. Mwanaanthropolojia Mjerumani Heike Behrend aliandika juu yao, hasa katika makala "Feeling Global" iliyotoka mwaka 2000 kwenye jarida la African Arts, na baadaye katika kitabu chake Contesting Visibility cha mwaka 2013, kinachotazama upigaji picha wa pwani yetu kwa mapana. Kwenye vibanda vile kulikuwa na mapazia yaliyochorwa kwa mkono: meli, ndege, miji yenye maghorofa. Mteja alitoka kwenye jua la barabarani, akasimama mbele ya pazia, na kwa muda wa picha moja akawa msafiri.

Kuna hatari ya kuzisifu picha zile kupita kiasi, kwa hiyo niseme wazi: nazo zilikuwa zinaikimbia Likoni. Mtu amesimama hatua chache kutoka kwenye feri ya kweli, na nyuma yake kuna meli ya rangi ya mafuta. Tofauti yake na picha zetu za leo naiona hivi. Leo tunafungua lenzi mpaka mwisho, tunayafuta yote ya nyuma yawe ukungu, kisha tunaita hiyo sanaa. Bofu inageuka supu ya kijani. Mapenzi yale yangeweza kuwa popote. Pazia la Likoni halikufuta kitu kwa siri. Liliweka ndoto mbele ya macho yako, brashi ya mchoraji inaonekana, na mtazamaji alijua kwamba anaalikwa kwenye mchezo. Ukungu wetu unajifanya kuwa ukweli.

Tena mahali penyewe hapakuwa salama kwa kila mtu. Wengi wa wapiga picha wale walikuwa watu wa bara. Tarehe 13 Agosti 1997 kituo cha polisi cha Likoni kilishambuliwa, na katika ghasia zilizofuata watu wa bara ndio waliolengwa. Wako waliouawa, na maelfu walihama. Kila nikisikia mtu akizungumzia "mtazamo wa pwani" katika picha kama kitu cha ukoo mmoja, nakumbuka kwamba baadhi ya waliotuonyesha jinsi ya kujitazama hapa kivukoni walikuwa wageni, na kwamba kuna walioambiwa waondoke.

Nje ya hapa, Seydou Keïta, aliyefungua studio yake Bamako mwaka 1948, alipiga sehemu kubwa ya picha zake uani, kwa mwanga wa mchana, nyuma ya wateja akitundika kitambaa. Cha kwanza kilikuwa shuka la kitandani kwake. Hakusubiri jua liwe zuri. Aliwapangia watu mikono na mabega kwa utulivu, mpaka wakaonekana ni wenye nyumba. Muingereza Martin Parr alikwenda njia nyingine: katika The Last Resort, kitabu cha mwaka 1986, aliwapiga watu wa ufuoni New Brighton kwa flashi mchana kweupe, na kila tone la aiskrimu likaonekana. Flashi ya mchana inafanya kazi, nimeiona ikijaza mashimo ya macho. Lakini ikizidi, inawaanika watu. Kwa kejeli inafaa. Kwa wawili waliotoka nyumbani kwa ruhusa, huku mtaa mzima ukiwatazama, sioni inavyowafaa. Macho ya watu ni makali ya kutosha.

Picha ya wapenzi niliyoipenda kuliko zote mwaka huu imepigwa Bofu, saa saba mchana, kwa simu, na mtu asiyejiita mpiga picha. Bibi ameinua leso juu ya vichwa vyao wawili, mkono mmoja, kama hema. Jua limepenya kitambaa, na nyuso zimeingia wekundu kidogo, hasa mashavuni. Bwana amefumba jicho moja. Nyuma yao hakuna ukungu: kuna duka la mpesa, boda mbili, mtungi wa maji, na mtoto aliyesimama kuwashangaa. Kanzu imeungua begani, kweli, na kiwiko cha bibi kimekatwa na fremu. Mwalimu wa mtandaoni angeikataa kwa sababu tatu. Mimi naitazama, naona mpaka mikunjo ya buibui, naona saa, naona mtaa, na naona wawili waliojitengenezea kivuli chao mahali ambapo hapakuwa na kingine.