Ufundi wa Kupima Kilindi cha Kivu

Ukitazama Ziwa Kivu kutoka ufukwe wa Gisenyi, ni rahisi kudhani kwamba maji unayoyaona ndiyo yale yale hadi sakafuni, mita 485. Sivyo. Kuanzia kama mita 60 kwenda chini oksijeni hutoweka, na maji ya huko hayapandi kuonana na ya juu, kwa kuwa yamelemewa na chumvi na gesi: takriban kilomita za ujazo 300 za kaboni dioksidi na 60 za methani, zikihesabiwa kama zingekuwa hewani. Huko chini maji yamepangwa katika mamia ya tabaka nyembamba, nyingi hazifiki mita moja. Joto hupenya maji karibu mara mia kwa kasi kuliko chumvi, na tofauti hiyo ya mwendo ndiyo inayozijenga na kuzitenga.

Mkemia wa vimiminika anayefanya kazi hapa namsifu kwa jambo moja: haiamini chupa yake. Katika mita 300 mgandamizo ni kama mara thelathini ya ule wa juu. Chupa ikivutwa, viputo huanza, na methani, isiyopenda kukaa majini kama mwenzake kaboni dioksidi, hutangulia kutoroka. Sampuli ikifika juu imeshapotosha kiasi na uwiano pia. (Kiwanda cha bia cha Bralirwa, kilichotumia gesi ya ziwa hili tangu 1963, kilikuwa na sababu mbili za kuvijua viputo.) Kwa hiyo wengine hufunga maji mle mle kilindini, na wengine huweka utando mwembamba unaopitisha gesi na kuzuia maji. Ustadi wote umo katika kuulinda mpaka kati ya kimiminika na gesi usivunjike kabla ya wakati.

Mtu atauliza: uangalifu huo umeleta nini? Utafiti wa 2005 ulionyesha kwamba methani ilikuwa imeongezeka sana tangu vipimo vya miaka ya 1970, na hofu ilikuwa halali, maana mwaka 1986 Ziwa Nyos la Kamerun lilitapika kaboni dioksidi na kuua watu wapatao 1,700. Mwaka 2018 timu kadhaa zikapima Kivu kwa njia tofauti ili zilinganishwe, na hazikuona ongezeko la maana. Wapo watakaosema sayansi iliyojikana hivyo haistahili sifa. Mimi naona kinyume: njia zenye makosa tofauti zinapokubaliana, ndipo namba inapoanza kuaminika. Na volkano ya Nyiragongo ilipolipuka Mei 2021, ardhi ikatetemeka Goma na Gisenyi, kulikuwa na jibu la kupima hofu: hata palipojaa zaidi, gesi iko mbali na kikomo cha kuchemka yenyewe.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba umeme wa methani ya ziwa huletwa na mhandisi, si mkemia. Kweli, mtambo wa KivuWatt wa Karongi unatoa megawati 26. Lakini maji yakishatolewa gesi lazima yarudishwe, na uzito wake, unaotofautiana kwa sehemu ndogo za elfu, ndio unaoamua yatatua wapi. Yakirudishwa juu mno yatapeleka chumvi na virutubisho kwa samaki waitwao sambaza. Yakirudishwa vibaya chini yatapunguza ukali wa gesi inayotafutwa. Mitambo inapoongezeka, kipimo cha 2018 kinazeeka, na kazi inaanza upya tabaka kwa tabaka.