Kabla ya Kisu

Kiraka hakishiki kwenye kitambaa kilichooza. Fundi cherehani anayerekebisha mitumba katika soko la Kiboriloni, Moshi, hulijua hilo kabla hajatia uzi sindanoni: hukivuta kitambaa huku na huku akitafuta palipobaki na nguvu. Ngiri kubwa, hasa iliyorudi baada ya kushonwa au iliyochomoza kwenye kovu la zamani, inataka ufundi huohuo. Nao huanzia kliniki ya wagonjwa wa nje, wiki nyingi kabla ya chumba cha upasuaji.

Mbeba marobota ya mitumba anayepelekwa hospitali ya Mawenzi, au ile ya KCMC iliyofunguliwa mwaka 1971, huja akitaka jambo moja: tarehe. Badala yake anaulizwa maswali. Unavuta sigara? Unakohoa usiku? Choo kigumu? Mkojo unatoka kwa shida?

"Sista, mimi nimeleta ngiri, sijaleta kikohozi."

"Baba, vyote vimekuja pamoja."

Sista hakosei. Kikohozi, choo kigumu na tezi dume iliyovimba humlazimisha mtu kukaza tumbo, na kila akikaza, mshono unavutwa. Sigara huinyima ngozi hewa safi ya kuponyesha kidonda, ndiyo maana huombwa iachwe angalau wiki 4 kabla. Sukari iliyopanda hukaribisha usaha. Usaha ukiufikia wavu unaowekwa kuimarisha ukuta wa tumbo, huenda wavu wenyewe ukalazimika kutolewa.

Kuna ngiri zilizokaa nje miaka mingi hadi tumbo likasahau kuwa utumbo ni wake. Ukiurudisha kwa nguvu siku moja, unasukuma juu kiwambo kinachotenga tumbo na kifua, na mgonjwa anashindwa kupumua. Katika miaka ya 1940, Iván Goñi Moreno wa Argentina alianza kuwajaza wagonjwa hewa tumboni kidogo kidogo, siku baada ya siku, ili nafasi ipatikane kwanza. Siku hizi wako wanaochoma sindano ya botulinum kwenye misuli ya tumbo wiki kadhaa kabla, ilegee na kurefuka. Njia mbili, busara moja: mwili hupewa muda.

Vifaa navyo si kila kitu. Utafiti uliofanyika Kamuli, Uganda, kwa wanaume 302 wenye ngiri za kawaida za kinena, na kuchapishwa mwaka 2016, ulionyesha kuwa wavu wa kitambaa cha chandarua ulifanya kazi karibu sawa na ule wa bei ghali. Wavu wa bei nafuu unaweza kupatikana. Mgonjwa aliyeandaliwa vizuri hanunuliki dukani.

Kumwandaa kunataka kumjua. Kumwambia "usibebe mizigo" mtu ambaye ugali wake uko mgongoni ni kumfukuza kwa adabu. Muuguzi hodari huuliza nani atashika meza sokoni, nani atakata majani ya ng'ombe, na mayai na maharage yatapatikanaje nyumbani. Pia humfundisha dalili zisizongoja tarehe: ngiri ikiwa ngumu na kugoma kurudi, maumivu makali, kutapika, choo kufunga. Hapo ni kukimbilia hospitali saa hiyohiyo.

Kwa hiyo wiki za kusubiri zisiitwe foleni. Zikitumiwa hivi, ni sehemu ya kwanza ya upasuaji, na mgonjwa mwenyewe ndiye anayeifanya.