Kumbukumbu na Matumaini katika Utendi wa Mwana Kupona

Utendi wa Mwana Kupona umesomwa kwa muda mrefu kana kwamba ni kitabu cha amri. Alice Werner na William Hichens walipouchapisha mwaka 1934 pamoja na tafsiri ya Kiingereza, waliupa anwani iliyotaja wajibu wa mke, na tangu hapo wasomaji wengi wameuendea wakijua tayari watakachokikuta humo. Wako wanaousifu kwa kuwa unafunza adabu, na wako wanaoulaumu kwa kuwa unamfunza mwanamke unyonge. Pande hizi mbili zinapingana juu ya thamani ya utendi, lakini zinakubaliana kwamba kiini chake ni maagizo. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba beti chache ambazo pande zote mbili huzipita upesi, yaani zile ambamo mtunzi anaikumbuka ndoa yake, ndizo zinazoyapa maagizo hayo uzito, na ndimo yalimo matumaini ya utendi mzima.

Yafaa kwanza kukumbuka hali ya utunzi. Mwana Kupona binti Mshamu, mwenyeji wa Pate, aliutunga utendi huu mwaka 1858. Mumewe, Bwana Mataka, mtawala wa Siu ambaye kwa miaka mingi alikataa kuinamia mamlaka ya Zanzibar, alikuwa amefariki mwaka 1856. Mtunzi mwenyewe alikuwa mgonjwa. Katika beti za mwanzo anaeleza kwamba maradhi yake yametimiza mwaka. Anamwita binti yake, Mwana Hashima, aje na wino na karatasi aandike wasia. Mwana Kupona aliaga dunia yapata mwaka 1860. Kwa hiyo anayesema ni mjane ambaye maisha yake karibu yote yako nyuma, na anayesikiliza ni msichana ambaye maisha yake karibu yote yako mbele. Wasia ni daraja baina ya nyakati hizi mbili.

Mapema katika utendi mtunzi anaweka msingi wa mafunzo yake: radhi tano ambazo kiumbe hana budi kuzipata ili astarehe duniani na akhera. Nazo ni za Mungu, za Mtume, za baba, za mama, na ya tano kwa mwanamke ni ya mume. Maagizo yanayofuata juu ya kumtunza mume, kuipamba nyumba na kuupamba mwili yanatoka katika msingi huu. Katika sehemu hii yote vitenzi ni vya kuamrisha na kukataza. Kisha, bila kubadili mizani wala kina cha mwisho, sauti inageuka. Vitenzi vinakuwa vya wakati uliopita. Mama haagizi tena, anasimulia: furaha ya siku alipoolewa, heshima waliyowekeana, siku zote walizokaa pasipo ugomvi, na jinsi mume, mauti yalipomjia, alivyotamka kwamba ameridhika naye. Anakiri pia kwamba hadi siku ile ya utunzi machozi humtoka anapomkumbuka.

Mambo mawili yanadhihirika hapa. La kwanza ni kwamba radhi ya tano, ambayo mwanzoni ilikuwa kanuni tu, sasa imekuwa tukio. Mama amekwisha kuipata, na ameisikia kwa masikio yake. Anapoelekea kaburini, hilo ndilo neno alilo nalo mkononi. Si ajabu basi kwamba baada ya beti hizi utendi unaelekea kwenye dua ndefu, ambamo anajiombea afya na kuwaombea watoto na jamaa zake. Mpito huu si wa bahati. Kumbukumbu njema ndiyo inayomtia nguvu ya kuomba, kwa kuwa aliyewahi kupewa huomba kwa moyo mwingine kuliko asiyewahi kupewa kitu.

La pili ni zito zaidi kwa mhakiki. Maagizo yanaelemea upande mmoja: mke ndiye anayetakiwa kutenda, kunyamaza na kuvumilia. Kumbukumbu, kinyume chake, ina pande mbili. Mtunzi hasemi tu kwamba yeye hakumuudhi mume. Anasema pia kwamba mume hakumfikishia baya. Heshima anayoikumbuka ilikuwa yao wote wawili. Hivyo simulizi hiyo fupi inasahihisha kimyakimya yale ambayo amri zimeyaacha, na binti anaoneshwa mfano wa nyumba ambamo utii ulijibiwa kwa wema. Tumaini analopewa limo katika mfano huo.

Ulinganisho na Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir unasaidia kulifafanua jambo hili. Huko nako mtunzi wa Pate anakumbuka uzuri uliopita: majumba ya matajiri yaliyong'aa kwa taa, na ambayo sasa yamebaki kuwa makao ya popo. Kumbukumbu hiyo ni nzuri kuliko hata ya Mwana Kupona, lakini haimpi mtu moyo wa kuishi duniani. Inamwonya asidanganyike nayo. Tofauti haimo katika utamu wa yanayokumbukwa. Sayyid Abdalla anausemesha moyo wake mwenyewe, na kilichopotea ni mali. Mwana Kupona anamsemesha mtoto, na kilichobaki baada ya kifo cha mume ni radhi, ambayo haivunjiki kama ukuta.

Hata hivyo, kumbukumbu njema huchagua. Katika beti hizo hamna vita vya Siu. Vilevile, utendi unamwonya binti asitangamane na watumwa ila wakati wa kazi. Raha ya nyumba ile ilisimama juu ya mikono ya watu ambao hawana nafasi katika simulizi ya furaha. Na mke aliyepigwa, au aliyeachwa bila neno, hawezi kuazima radhi ya Bwana Mataka. Mwalimu anayeusoma utendi huu darasani na kuitumia furaha ya mama huyu kumnyamazisha mwanafunzi anayeuliza, anaugeuza ushahidi kuwa sheria.

Mtunzi mwenyewe anaonekana kulijua hilo. Mwanzoni anamwahidi binti hirizi na kidani cha lulu na marijani, yaani pambo la kumlinda na kumpendezesha. Kidani hurithiwa, lakini kila mrithi hukivaa katika shingo yake. Alichomwachia Mwana Hashima ni ushahidi wa mtu mmoja kwamba jambo jema liliwahi kutendeka, baina ya watu wawili, katika nyumba aliyozaliwa yeye. Amri peke yake isingeweza kumpa hilo.