Kuliachia Wingu Nafasi

Mei 4, 2024, kimbunga Hidaya kilipokuwa kikiisogelea pwani, boti za Dar zilisimamishwa na bandari ya Malindi, Unguja, ikapoa. Kwa wanaopanga safari za anga, hata hivyo, kimbunga si mtihani mgumu kuliko yote. Hutangazwa siku kadhaa kabla, kina jina, na kila mtu hukikwepa. Linalotesa ni wingu la masika lisilo na jina, linalojikusanya ghafla, likamwaga mvua ya radi nusu saa juu ya Kisauni, kisha likajiondokea.

Kulipangia wingu hilo huanza na mtabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa. Utabiri wake wa kiwanja cha ndege cha Abeid Amani Karume, hapo Kisauni, huandikwa kwa mkato, mistari michache tu, tena kwa saa za kimataifa: 12 ya pale ni saa tisa yetu ya alasiri. Mimi hustaajabia adabu ya shaka yake. Akitaka kutaja uwezekano, kanuni humpa namba mbili tu, asilimia 30 au 40. Chini ya hapo anyamaze. Ukifika 50 haihesabiwi shaka tena. Aandike waziwazi kwamba hali itabadilika. Unyevu, upepo, kusi iliyochelewa, vyote avipime aviingize katika upenyo huo mwembamba.

Asilimia 30 hiyo, rubani wa ndege kubwa kutoka Ulaya huigeuza mafuta: ya kumfikisha kiwanja cha akiba akishindwa kutua. Dar ipo kilomita 70 hivi, lakini wingu moja pana laweza kuvifunga viwanja vyote viwili, kwa hiyo Mombasa au Kilimanjaro nazo humo hesabuni. Kwa mwongoza ndege, hesabu ni ya nafasi. Njia ya kurukia imelala kaskazini na kusini, sawa na pepo zetu: kusi ikivuma, ndege hutua zikitokea kaskazini, kaskazi ikishika, kinyume chake. Nahodha yeyote wa jahazi angelielewa hilo bila kuelezwa. Radi, lakini, haina msimamo wa kusi wala kaskazi.

Ndiyo maana mipango ya miaka ijayo, duniani kote, inataka kusubiri kufanyike chini. Ndege iliyozuiwa Dar haijawasha injini. Inayozunguka juu ya bahari inakula mafuta, na rubani wake anazidi kushawishika kujaribu kutua. Hatari ya kutua katika hali kama hiyo tuliiona Novemba 6, 2022: ndege ya Precision Air iliangukia Ziwa Victoria ikienda kutua Bukoba katika hali mbaya ya hewa, watu 19 wakafa.

Basi mpangaji hodari hupunguza ndege za saa iliyotajwa na mtabiri kabla tone halijadondoka, akaliachia wingu nafasi yake. Lisipokuja, abiria wa Dar atauliza kwa nini kawekwa saa nzima na jua linawaka. Jibu la kweli ni asilimia 40, na sijaona abiria wa kuridhika nalo.