Mguu wa Kuvaa na Maneno Yake: Uhakiki wa Istilahi za Kigutu cha Paja

Makala haya yanakusudia kuhakiki maneno machache ya Kiswahili yanayotumika mtu aliyekatwa mguu katika paja anapopimwa, anapotengenezewa na anapovishwa mguu wa bandia. Tumeyachagua si kwa sababu ni mapya, bali kwa sababu yamezoeleka mno, hata wafasiri huyanakili kutoka karatasi moja hadi nyingine bila kujiuliza yanamwambia nini yule anayeambiwa. Naye ana haja kubwa ya kuelewa, kwani jibu lake ndilo litakaloamua iwapo atatembea au mguu wenyewe utaishia kutundikwa ukutani.

Tuchukue kwa mfano mzee wa Samunge, katika wilaya ya Ngorongoro. Huyu ni Mtemi, katika watu ambao wengine huwaita Wasonjo. Nyumbani husema Kitemi. Kiswahili ni lugha yake ya shule, ya soko na ya baraza. Kijiji chake kiko chini ya vilima, mashamba yake hunyweshwa kwa mifereji, na njia zake ni za mawe na za kupanda na kushuka. Akitaka mguu wa kuvaa, huenda akalazimika kuteremka kwa njia ya Engaresero, kando ya Ziwa Natron, apite Mto wa Mbu na Arusha ndipo afike Moshi. Huko, katika eneo la hospitali ya KCMC, kipo chuo cha mafundi wa viungo bandia kijulikanacho kwa kifupi kama TATCOT. Chuo hicho kilianzishwa mwaka 1981, mwaka ule ule ambao Umoja wa Mataifa uliutenga kuwa mwaka wa walemavu, na ambao Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu. Mambo hayo matatu yalitukia pamoja, lakini hayakukutana. Fundi husomea kazi yake kwa Kiingereza. Mgonjwa humjia na Kiswahili. Kwa hiyo kila fundi amekuwa mfasiri pasipo kuajiriwa kwa kazi hiyo, na hutafsiri papo kwa papo, huku ameshika bisibisi mkononi.

Neno la kwanza linalotushughulisha limo katika fomu: “amekatwa juu ya goti”. Msomaji ataona halina kosa. Lakini Kiswahili hakitofautishi kitu kilichogusana na kingine kwa juu na kile kilicho juu pasipo kukigusa. Kitabu kiko juu ya meza, na taa nayo inaning'inia juu ya meza. Basi aliyekatwa juu ya goti amekatwa wapi? Pale pale kwenye kiungo cha goti, au katikati ya paja? Kwa fundi hizo ni kazi mbili mbalimbali. Mfupa wa paja uliobaki mzima hadi kiungoni unaweza kubeba uzito kwa ncha yake. Uliokatwa katikati hauwezi, na uzito hauna budi kupokewa kwingine, hasa kwenye mfupa wa kukalia. Karani aliyeandika “juu ya goti” hakusema uongo. Hakusema kitu.

Tunapendekeza itajwe sehemu iliyobaki badala ya ile iliyoondoka: kigutu cha paja, na kwa aliyekatwa chini ya goti, kigutu cha muundi. Aliyekatwa kwenye kiungo chenyewe na aandikwe hivyo: amekatwa kwenye kiungo cha goti. Paja na muundi ni maneno ambayo hata mtoto anayagawa vizuri anapokula mbuzi.

Wapo watakaosema kwamba kigutu ni tusi. Ni kweli kuwa lilitumika, na mahali pengine bado linatumika, kumwita mtu mwenyewe, hasa aliyepoteza vidole kwa ukoma, na hapo ni tusi bila shaka. Lakini sisi hatumwiti mtu kigutu. Tunakiita hivyo kiungo chake. Lugha yetu imekwisha kupita njia hii: tulimtoa kilema katika ngeli ya vitu tukamfanya mlemavu, na Sheria ya mwaka 2010 ikamfanya mtu mwenye ulemavu. Heshima ya mtu ikiwekwa mahali pake, kiungo kinaweza kutajwa kwa jina lake bila kumuudhi mwenyewe. Tumeona wengine wakikwepa kigutu na kuandika kisiki. Hilo ni baya zaidi. Kisiki ni cha mti, nacho aghalabu kimekufa, watu hujikwaa kwacho. Kigutu kina damu na misuli, na ni misuli hiyo itakayoutembeza mguu.

Kuhusu neno bandia, tunaogopa kwamba tutawaudhi baadhi ya wenzetu. Kuna malalamiko kuwa neno hili limechafuka kwa noti bandia, dawa bandia na mbegu bandia, na kwamba anayevaa mguu wa bandia hujiona kama amevaa udanganyifu. Malalamiko tunayaelewa, ila hatuyakubali. Bandia ya asili ni mtoto wa bandia, achezewaye na watoto, wala hamdanganyi mtu yeyote. Meno ya bandia watu huyavua mbele ya wajukuu zao wakicheka. Anayependa kusema mguu wa kuvaa na aseme, nasi tumelitumia jina hilo katika kichwa cha makala kwa kuwa ni zuri. Lakini nguvu zinazotumika kulifukuza neno bandia zingefaa zaidi kwingineko.

Kwingineko huko ni kama vile soketi, yaani ile sehemu ya juu iliyo wazi ambamo kigutu huingia. Neno limetoholewa, na fundi wa umeme amekwisha kulishika kwa tundu la ukutani. Je, tulikatae? Mtu angeweza kutoa kikombe, kwa kuwa umbo linafanana. Lakini hebu alitamke neno hilo mbele ya mzee wetu. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu ya watu walimiminika Samunge kunywa dawa ya mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila, ambaye alifariki mwaka 2021. Dozi ilikuwa kikombe kimoja kwa shilingi 500, na kwa majuma machache neno kikombe likabadilika maana nchi nzima, bila kikao wala kamati. Miongoni mwa maradhi yaliyosemwa kuwa yanaponywa ni kisukari, ambacho ni sababu mojawapo kubwa ya watu kukatwa miguu. Hilo la kuponya utabibu haukulithibitisha, nasi hatulijadili hapa. Tunasema tu kwamba kumwambia mtu wa Samunge kuwa “kikombe chako kinabana” ni kumchanganya.

Neno ala lilituvutia zaidi. Kisu hukaa katika ala, nayo hutengenezwa kwa kipimo cha kisu hicho na si kingine. Hata hivyo ala huhifadhi tu, haibebi mzigo, ilhali soketi hubeba mwili mzima. Kwa hiyo tumerudi kwa soketi, shingo upande, na fundi wa umeme atatusamehe.

Sasa tufike kwenye neno lililotufanya tuandike. Baada ya soketi, goti na wayo kutengenezwa, fundi huvipanga vikae katika uhusiano unaofaa. Kazi hiyo wafasiri wengi wameiita kulinganisha, na nomino yake ulinganifu. Tunasema wazi kwamba tafsiri hii inapotosha, tena inapotosha kuelekea kwenye madhara.

Kulinganisha kwa Mswahili ni kuweka vitu viwili pamoja ili kuona kama viko sawa, au kuvifanya viwe sawa. Fundi akimwuliza mzee, “Je, mguu umelingana?”, mzee atautazama ule mzima, autazame na wa bandia, kisha ajibu habari ya urefu. Fundi hakuuliza urefu. Na hata angeuuliza, kulingana si lazima kuwe ndiyo shabaha: mguu wenye goti la komeo, lililofungwa lisikunjike wakati wa kutembea, mara nyingi hufupishwa kwa sentimita 1 hivi ili wayo usikwaruze ardhi unapopita mbele. Mgonjwa aliyeambiwa kwamba lengo ni ulinganifu atauona ufupi huo kuwa kosa, na akifika nyumbani atagongomea kipande cha mpira chini ya kiatu.

Yafaa tueleze kwa kifupi kinachofanyika. Mezani, kabla mwenyewe hajauvaa mguu, soketi haisimamishwi wima kabisa, bali huinamishwa mbele kidogo, aghalabu kwa digrii 5 hivi, ili misuli ya nyuma ya nyonga ipate nguvu ya kulizuia goti. Kisha fundi huwazia mstari unaoshuka kutoka kwenye mfupa wa pembeni mwa nyonga hadi kwenye kifundo cha mguu, na mhimili wa goti huuweka juu ya mstari huo au nyuma yake kidogo. Uzito ukipita mbele ya mhimili, goti hubaki limenyooka. Ukipita nyuma, goti hukunjika ghafla na mtu huanguka. Goti likirudishwa nyuma kupita kiasi, mtu haanguki, lakini kulikunja ili apige hatua humchosha mno. Tofauti kati ya hali hizi ni milimita chache. Kwa mtu wa Samunge anayeteremka kilima na kuvuka mfereji, milimita hizo ndizo zitakazoamua kama anafika shambani.

Katika haya yote hapana kulinganisha. Kuna kusimamisha kitu kwa kufuata mstari wa uzito, na kazi hiyo lugha yetu inaijua tangu zamani. Fundi mwashi ana timazi; hutundika uzi wenye risasi, akatazama ukuta umekwenda upande gani. Nguzo ya nyumba husimikwa, haitupwi shimoni ikasimama yenyewe. Kwa hiyo tunapendekeza kusimika mguu, na usimikaji: usimikaji wa mezani, ambao fundi huufanya peke yake, na usimikaji wa kusimama, mwenyewe akiwa amevaa mguu na kushika vyuma vya pembeni. Kwa hatua ya tatu, ambapo mtu hutembea na fundi akalegeza na kukaza skrubu kwa kadiri anavyoona, tunakiri kwamba kusimika hakufai, maana kilichosimikwa hakiendi. Hapo tungesema marekebisho ya mwendo, tusubiri mwenye neno bora.

Soketi kumfaa mtu ni jambo jingine tena, na wafasiri huandika “kutosha” au “kuenea”. Mafundi cherehani wamewatangulia. Nguo iliyomfaa mtu husemwa imemkaa. “Mguu umekukaa?” ni swali ambalo mzee wetu atalijibu bila kusita, tena ataonyesha kwa kidole mahali ambapo haujamkaa.

Linabaki suala la mwendo wenye dosari, ambalo karatasi nyingi hulimaliza kwa kuchechemea. Kuchechemea ni neno la jumla. Halimwambii fundi chochote cha kurekebisha. Anayetagaa, yaani anayetembea huku ameutenga mguu wa bandia mbali na mwenziwe, pengine anakimbia ukingo wa soketi unaomchoma kinenani. Anayechuchumia kwa mguu mzima ili ule wa bandia upite, huenda mguu umezidi urefu au goti ni gumu. Anayeegama upande wa bandia kila akanyagapo, huenda mguu ni mfupi au misuli ya nyonga imedhoofika. Kutagaa, kuchuchumia na kuegama vimo vinywani mwa watu na havikuhitaji kamati. Muuguzi wa Wasso akiviandika katika barua ya rufaa, fundi wa Moshi atakuwa amekwisha kuanza kazi kabla mgonjwa hajafika.

Neno moja limetushinda. Wengi waliokatwa viungo husikia maumivu katika mguu ambao haupo: vidole vinabanwa, wayo unaungua. Wakati wa kujaribu soketi, fundi hana budi kuyatenga maumivu haya na yale yanayotokana na soketi kubana mshipa wa fahamu, la sivyo atachonga mahali pasipo na kosa. Kuna wanaotaka kuyaita maumivu ya mzimu kwa kufuata picha ya lugha za kigeni. Tunawasihi wasifanye hivyo: mgonjwa aliyeambiwa hospitalini kwamba ana mzimu mguuni hatarudi kwa fundi, ataenda kwa mganga. Kwa sasa tunaandika maumivu ya mguu usiokuwepo. Ni marefu kwa fomu, na tungefurahi kupelekewa neno fupi zaidi na msomaji yeyote, hasa aliyewahi kulisikia kwa mwenye maumivu hayo.