Ustadi wa Kupunguza: Hitman na Lara Croft Katika Michezo ya Zamu

Hitman GO ni mchezo wa mafumbo ya zamu uliotoka Aprili 2014 kwa ajili ya simu na tabuleti. Uliundwa na Square Enix Montréal ya Kanada kutokana na Hitman, mfululizo ulioanza mwaka 2000 ukimhusu muuaji wa kukodiwa aitwaye Agent 47. Katika michezo mikubwa ya mfululizo huo mchezaji hunyemelea koridoni, hubadili mavazi, huficha maiti na kumvizia mlinzi mpaka ageuke. Studio yenyewe ilianzishwa ili itengeneze mchezo mkubwa wa aina hiyo, kisha ikahamia kwenye simu. Badala ya kuusokomeza ulimwengu wote huo ndani ya kioo kidogo, wabunifu wake waliuchambua na kutupa karibu kila kitu.

Kilichobaki ni ubao. Watu ni kete zilizosimama juu ya vikalio, miguu yao haitembei kamwe. Agent 47 husogea kwenye mistari iliyochorwa kutoka kituo hadi kituo, na kila asogeapo, walinzi nao husogea. Yupo asiyebanduka, yupo anayekwenda na kurudi, yupo anayegeuka nyuma kila zamu. Rangi ya nguo humtambulisha kila mmoja. Jiwe likirushwa, walinzi wa karibu huja kuchungulia. Kete iliyotolewa huwekwa pembeni mwa ubao, bila tone la damu.

Mbio zimekwisha, lakini hofu ipo palepale, maana hofu ya Hitman haikutokana na mbio. Ilitokana na kumsoma mlinzi na kujua atakuwa wapi baada ya hatua mbili. Ubao haufichi kitu wala haubahatishi, kwa hiyo kila anayeshindwa anaweza kuiona hatua iliyomponza.

Lara Croft GO, iliyotolewa na studio hiyohiyo Agosti 2015, ndiyo kilele cha ustadi huo. Tomb Raider, mfululizo wa Lara ulioanza mwaka 1996, ni safari ya magofu, miamba na mitego. Hapa mistari ya ubao imechongwa ndani ya magofu yenyewe, na Lara hupanda kuta zake. Jiwe lenye nyufa huhimili hatua moja, la pili hulibomoa. Mjusi akimwona Lara humfuata nyuma. Kila kanuni ni nyepesi hata kwa mtoto, ila zikikutana, adui huwa chombo: mjusi huongozwa mpaka akanyage mahali ambapo Lara mwenyewe hapaswi kukanyaga. Hakuna maelezo marefu, kwani kila hatua humfundisha mchezaji kanuni inayohitajika hatua ifuatayo. Mchezo huo ulitunukiwa tuzo ya mchezo bora wa simu na vifaa vya mkononi katika The Game Awards ya 2015.

Deus Ex GO, iliyotokana na mfululizo wa michezo wa Deus Ex, ilifuata mwaka 2016. Mafumbo yake ni makali, lakini umbo hilo halikuufaa sana mfululizo wake. Uhai wa Deus Ex ni uhuru wa kuchagua njia, na fumbo la zamu kwa kawaida lina njia moja.

Mwaka 2022 studio iliuzwa kwa Embracer Group, ikaitwa Onoma, na Novemba mwaka huohuo ikafungwa. Januari 2023 Deus Ex GO ikaondolewa kwenye maduka ya programu za simu.