Allion Ile Ilikwama Kabla Haijapanda Meli

Mlioufuatilia ununuzi wa Allion ile, tangu picha ya kwanza mpaka gari liliposimama getini na maua kwenye boneti, wengi mnapongeza. Mimi pongezi sina. Gari limefika, sawa, lakini kazi iliharibiwa mapema, siku ile mnunuzi wetu alipoingia benki akatuma fedha Japan kwa TT bila kufungua kikokotoo cha ushuru cha TRA. Yote mliyoyaona baadaye, gari kulala bandarini, simu za usiku, mkopo wa haraka, yalianzia hapo.

Turudie polepole. Mfukoni alikuwa na milioni 15. Gari ni la mwaka 2012, cc 1,500. Muuzaji alitaka CIF dola 4,000, jamaa akakaza, akapunguziwa 200. Mkampigia makofi. Nikiiweka dola kwenye shilingi 2,500 ili hesabu isomeke, alituma milioni 9.5 akabaki na 5.5, akatangaza kwamba hiyo inatosha ushuru na chenji itabaki ya kuweka redio. Inatosha kwa hesabu ipi? Hakuna aliyemuuliza, naye hakujiuliza.

Hesabu ni hii. TRA wana thamani yao kwa kila modeli na mwaka wake, na ankara yako ikiwa chini ya hapo, inayotumika ni ya kwao. Zile dola 200 zilizoshangiliwa zilipunguza bei ya muuzaji tu. Mbele ya forodha Allion ilibaki gari la dola 4,000. Ushuru wa forodha ni asilimia 25, yaani dola 1,000, tumefika 5,000. Ushuru wa bidhaa kwa injini iliyozidi cc 1,000 na isiyozidi cc 2,000 ni asilimia 5 ya hiyo 5,000: dola 250. Halafu linakuja dude lenyewe, uchakavu. Gari likizidi miaka 10 linatozwa asilimia 30, na hiyo ni 1,500. Jumla 6,750. Juu ya yote hayo VAT asilimia 18, dola 1,215. Kusanya kodi peke yake: dola 3,965. Alikuwa ameagiza gari moja, akatakiwa kulipia mawili.

Angalieni uchakavu unavyouma mara mbili. Unalipa 1,500, kisha VAT inakuja kuitoza na hiyo 1,500 yenyewe, dola 270 nyingine. Umri wa gari peke yake umemgharimu dola 1,770. Gari la thamani ileile ambalo halijafikisha miaka 8 lingelipa kodi 2,195. La kati ya miaka 8 na 10, ambalo uchakavu wake ni asilimia 15, lingelipa 3,080. Namba hizi si siri ya wakala. Kikokotoo kipo mtandaoni, unachagua aina, modeli, mwaka na ukubwa wa injini, kinakutemea jibu kabla chai haijapoa. Mtu aliyeweza kulinganisha rangi za Allion mwezi mzima alikosa dakika za kufanya hivyo?

Kwa shilingi, kodi ilikuwa milioni 9.9. Mkononi 5.5. Pengo milioni 4.4, na hapo hajalipa wakala, bandari, tozo ya reli, usajili wala bima.

Nimelisema hili miaka na nitaendelea kulisema: CIF si bei ya gari. CIF ni bei ya gari kufika Dar es Salaam na kukuangalia kupitia uzio wa bandari. Wale wanaobandika picha mitandaoni na kuandika "bei ya kutupa" huku neno CIF limejificha chini kwa herufi za sisimizi, wanajua wanachofanya. Ugonjwa mwingine ni wa namba za usajili. Kwa milioni 15 angepata gari zuri la mkononi hapahapa mjini, namba D, ushuru umeshalipwa na mwingine, fundi akaingia chini ya uvungu akalikagua mchana kweupe. Lakini hapana, lazima namba E! Watu wanalipa mamilioni kwa herufi moja ya kwenye kibao.

Alipofanya vizuri nako tuseme. Karatasi ya mnada aliisoma, gredi 4, kilomita zinaaminika, na fedha aliituma kwenye akaunti ya kampuni, si ya mtu binafsi. Safi. Tuendelee.

Gari liliposhuka, nyaraka ziko mezani kwa wakala, namba ya malipo imetoka, fedha hakuna. Siku za bure bandarini zikaisha, gharama za kuhifadhi zikaanza kuhesabu. Ndipo akakimbilia mkopo wa milioni 6, miezi 12, riba asilimia 3.5 kwa mwezi inayokatwa kwenye deni lote la mwanzo. Piga: 210,000 ya riba kila mwezi, jumla milioni 2.52. Marejesho ni 710,000 kwa mwezi, na kadi ilipotoka tu ikaenda kukaa kabatini kwa mkopeshaji. Simlaumu sana kwa mkopo. Ukishafika pale, kila mlango una moto. Ninachokataa ni kusema alikuwa na bahati mbaya. Bahati mbaya ni meli kuchelewa. Hili lilikuwa limeandikwa siku ya TT.

Wazee wa Starlet wasingefanya hivi. Nawakumbuka wale walimu na makarani wa zamani walionunua Starlet na Corolla kwa fedha za SACCOS na mchezo wa kupeana. Swali lao la kwanza halikuwa rangi wala rimu, lilikuwa "ushuru shilingi ngapi?" Wakala walimtafuta kabla ya gari. Fedha waliigawa mafungu, la ushuru likawekwa benki na halikuguswa hata kwa msiba wa jirani. Gari likitoka bandarini lilitoka na mwenyewe ana fedha ya mafuta ya mwezi. Leo tuna simu zenye kikokotoo ndani yake, na bado tunashindwa na watu waliokuwa wakipiga hesabu nyuma ya bahasha.

Mtasema gari si limetoka? Limetoka, kwa takriban milioni 23.5 ukihesabu na riba, kutoka kwenye bajeti ya 15. Kwa bajeti ile, kama lazima liagizwe na lazima liwe limezidi miaka 10, alitakiwa kutafuta Passo ya cc 1,000 yenye thamani ya dola 2,800. Injini hiyo haina ushuru wa bidhaa wa asilimia 5, kwa hiyo kodi zake kuu ni dola 2,569, jumla shilingi milioni 13.4, na milioni 1.6 inabaki kwa wakala, bandari, usajili na bima. Akitaka Allion kwa lazima, angengoja afikishe milioni 21 na nusu ndipo aende benki.